Nani ana imani na Serikali? Wasomi wanaoishi kwa kuuliza swali hilo

Na Mwandishi Wetu

*Kupima imani ya wananchi kwa viongozi, na uhasama wa wananchi wao kwa wao, ni taaluma yenye vitendea kazi vyake, hatari zake na maadui wake. Safari yake Afrika Mashariki inaonyesha kwamba namba kubwa si lazima iwe habari njema.*

JULAI 5, 2018, taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi, unaokusanya maoni ya Watanzania kwa njia ya simu. Ripoti ilikuwa na mengi, lakini kilichoshika vichwa vya habari ni namba tatu.

Waliosema wanaukubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016 na asilimia 71 mwaka 2017. Safari hii walikuwa asilimia 55.

Siku chache baadaye Twaweza ilipokea barua ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Hoja ya barua ilikuwa kibali: kwamba utafiti ulifanyika bila ruhusa, na taasisi ilipewa siku saba kueleza kwa nini isichukuliwe hatua. Mwezi huohuo Idara ya Uhamiaji ikaichukua pasi ya kusafiria ya mkurugenzi mtendaji wake, Aidan Eyakuze, kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa.

Eyakuze ni mchumi. Lakini alichokigusa ndicho wanasayansi wa siasa wanachokifanyia kazi maisha yao yote: watu wana imani kiasi gani na wanaowatawala, na wanaaminiana kiasi gani wao kwa wao.

Ni kazi inayofundishwa vyuoni kama nyingine, yenye shahada na vyeo. Tofauti yake ni kwamba matokeo yake hayamwachi mtu bila kumgusa. Yakiwa mazuri kwa watawala, upinzani husema msomi kanunuliwa. Yakiwa mabaya, watawala huuliza nani kamtuma.

Hodi mlangoni, na swali la mwisho

Mtandao mkubwa wa utafiti wa aina hii barani ni Afrobarometer. Ulianzishwa mwaka 1999 na wanasayansi wa siasa watatu: Emmanuel Gyimah-Boadi wa Ghana, Michael Bratton wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, na Robert Mattes, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini.

Gyimah-Boadi alisomea Legon, akachukua shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Davis, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kituo cha maendeleo ya kidemokrasia cha CDD-Ghana. Awamu ya kwanza ya Afrobarometer ilifika nchi 12. Ya tisa, iliyoanza mwaka 2021, ilifika 39. Nchini Tanzania kazi hiyo imekuwa ikifanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, na Kenya na Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Wadodosaji huanzia sehemu iliyopangwa kijijini au mtaani, wakahesabu nyumba kwa utaratibu uliowekwa mpaka wafikie ile inayostahili. Zamu ya kumhoji mwanamume na mwanamke hupishana. Ndani ya kaya, mhojiwa hupatikana kwa bahati nasibu, ili baba mwenye nyumba asijibu kwa niaba ya wote.

Mahojiano hufanyika ana kwa ana, kwa lugha ya mhojiwa. Katika nchi moja huhojiwa watu 1,200 au 2,400. Idadi hiyo huonekana ndogo kwa wasioijua hesabu ya sampuli, lakini ikichaguliwa vizuri, majibu yake huwa ndani ya asilimia tatu au mbili, juu au chini, ya yale ambayo yangetolewa na watu wazima wote wa nchi.

Swali la imani huulizwa kwa kila taasisi peke yake: Rais, Bunge, tume ya uchaguzi, polisi, mahakama, chama tawala, vyama vya upinzani. Mhojiwa huchagua kama hana imani kabisa, anayo kidogo tu, kiasi, au sana.

Mwishoni huja swali ambalo watafiti wenyewe hulisoma kwa makini kuliko mengi: unadhani nani ametutuma? Mwanzoni mhojiwa huwa ameshaelezwa kwamba timu haiwakilishi Serikali wala chama chochote. Hata hivyo, katika nchi nyingi, wengi hujibu kwamba Serikali ndiyo iliyowatuma.

> Mwanzoni anaelezwa kwamba timu haikutumwa na Serikali. Mwishoni anaulizwa nani ameituma, na anajibu: Serikali.

Nyalali na asilimia 20

Watanzania walianza kuhesabiwa maoni kabla ya Afrobarometer. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke Bara na Visiwani kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja au ifungue milango kwa vingi.

Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Kwa hesabu ya kura, mjadala ungeishia hapo.

Tume ilisoma zaidi ya jumla. Iliona kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, na kwamba waliotaka vyama vingi hawawezi kufungiwa nje kwa sababu tu ni wachache. Ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mwaka huo ndipo Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanzisha mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, REDET. Miongoni mwa walioujenga ni Profesa Rwekaza Mukandala, aliyepata uzamivu wake Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

REDET ilifanya tafiti za maoni kwa miaka mingi, na lawama hazikuikosa. Mwaka 2010 utafiti wake ulimpa Rais Jakaya Kikwete zaidi ya asilimia 70. Tume ya Uchaguzi ilipotangaza matokeo, alikuwa ameshinda kwa asilimia 60 na ushei. Mshindi walimpata, lakini pengo lilitosha kuwapa wapinzani hoja kwamba chuo kinakibeba chama chake, CCM.

Fumbo la Watanzania

Afrobarometer ilipoihoji Tanzania mara ya kwanza, mwaka 2001, watafiti walikutana na jambo ambalo hawakulitarajia. Watanzania walikuwa maskini kuliko wengi waliohojiwa kwingine, na bado walikuwa miongoni mwa walioonyesha imani ya juu kabisa kwa viongozi na taasisi zao.

Mwaka 2002, Profesa Amon Chaligha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Mattes, Bratton na Yul Derek Davids, waliliweka fumbo hilo wazi katika andiko lao: je, hawa ni wananchi wasiohoji, au ni watu waliokubali kwa hiari kuwapa viongozi muda?

Zipo hoja za kila upande. Tanzania ilirithi kutoka kwa Mwalimu Julius Nyerere taifa lisilogawanyika sana kwa makabila, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yalikuwa bado machanga. Subira haikuwa upumbavu.

Lakini ipo hoja ya tatu, nayo ni hofu. Marcus Tannenberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, alizichambua takwimu za Afrobarometer kwa kutumia lile swali la mwisho. Alikuta kwamba katika nchi zenye mkono mzito, wanaodhani mdodosaji katumwa na Serikali hutaja imani kubwa zaidi kuliko jirani zao wanaodhani vingine. Katika nchi zenye uhuru zaidi, pengo hilo hupungua.

Maana yake ni kwamba namba ya imani ina vitu viwili ndani yake: imani yenyewe, na tahadhari ya anayejibu. Nchi mbili zinaweza kutoa asilimia ileile, moja kwa sababu watu wameridhika, nyingine kwa sababu wamejifunza kunyamaza. Wahenga walikwisha kusema kimya kina mshindo mkuu.

Swali la posa

Imani kwa Serikali ni nusu ya taaluma hii. Nusu nyingine ni mgawanyiko: lini tofauti ya kawaida ya chama, dini au kabila inageuka uadui?

Njia mojawapo ya kuupima ni kuuliza kuhusu ndoa. Mwanasayansi wa siasa Daniel Posner aliitumia katika vijiji vinavyotazamana kwenye mpaka wa Zambia na Malawi, akachapisha matokeo mwaka 2004. Pande zote mbili wapo Wachewa na Watumbuka, kila kabila likiwa na lugha na mila zilezile huku na huku. Mpaka ulichorwa na wakoloni bila kuwauliza.

Upande wa Malawi, wengi hawakutaka kuoana na wale wa kabila la pili na walikuwa na maneno ya kuwasema. Upande wa Zambia, walikuwa ndugu na majirani tu.

Posner alitafuta sababu kwenye siasa. Malawi, makabila hayo ni makubwa kiasi cha kuwa ngome za vyama, na kila moja lina faida likisimama dhidi ya jingine. Zambia yote mawili ni madogo, na wanasiasa huyahitaji pamoja kama watu wa Mashariki. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni faida anayoipata mwanasiasa kwa kuwatenganisha.

Marekani nako posa imetumika kama kipimo. Mwaka 1960, Warepublican asilimia 5 na Wademocrat asilimia 4 walisema wangeudhika mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama cha pili. Mwaka 2010, kwa mujibu wa uchambuzi wa Shanto Iyengar wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, walikuwa karibu nusu ya Warepublican na theluthi ya Wademocrat. Maoni ya wafuasi kuhusu sera hayakuwa yametengana kwa kasi hiyo. Kilichokuwa kimekua ni chuki.

> Wachewa na Watumbuka wa Malawi ni mahasimu. Ng'ambo ya mpaka, Wachewa na Watumbuka wa Zambia wanaoana.

Karibu zaidi na nyumbani, mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania. Busia, maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila yalichangia kidogo zaidi kwenye shule za msingi. Meatu, mchanganyiko haukupunguza michango. Maelezo yake yaliangukia sera: Kiswahili mashuleni na ofisini, mtaala wa taifa moja, na kufutwa kwa mamlaka ya machifu baada ya uhuru.

Miguel, Posner na Benn Eifert baadaye walichambua majibu ya zaidi ya watu 35,000 wa nchi 10 yaliyokusanywa na Afrobarometer. Kila mwezi mmoja wa kuukaribia uchaguzi wa Rais wenye ushindani, uwezekano wa mtu kujitambulisha kwanza kwa kabila lake uliongezeka kwa pointi 1.8 za asilimia. Kwa hiyo ukabila una msimu wake, na msimu huo unaitwa kampeni.

Kenya 2007: namba zilizofungiwa

Hakuna mahali katika ukanda huu ambapo taaluma hii ilijaribiwa kama Kenya.

Bratton na mchumi Mkenya Mwangi Kimenyi walitumia utafiti uliofanyika Desemba 2007, wiki chache kabla ya kura. Wakenya wachache tu walijitambulisha wenyewe kwa kabila. Lakini wengi hawakuwaamini wa makabila mengine, na walitarajia kwamba wenzao watapiga kura kikabila. Kila mtu alijilinda dhidi ya ubaguzi aliouona kwa jirani, na kura nyingi zikafuata kabila, ingawa si kabila peke yake lililoamua.

Siku ya kupiga kura, Clark Gibson na James Long wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliendesha utafiti wa kuwauliza wapiga kura wanapotoka vituoni. Uligharamiwa na fedha za misaada za Marekani kupitia taasisi ya IRI. Hesabu yao ilimpa mgombea wa upinzani, Raila Odinga, asilimia 46 na Rais Mwai Kibaki asilimia 40.

Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Kibaki. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika vurugu zilizofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao. IRI haikutoa namba zile wakati huo, ikisema haiziamini. Watafiti walizitoa hadharani Julai 2008, wakati mwafaka wa kugawana madaraka umeshatiwa saini.

Wapo wanaosema ukimya ule ulikuwa wa busara, kwamba namba zile zingemwaga petroli kwenye moto. Wapo wanaosema ukweli uliocheleweshwa ndio uliowaacha watu na uvumi peke yake. Wanasayansi wa siasa wenyewe hawajakubaliana.

Wanaovutana

Hoja ya Serikali ya kutaka kuzidhibiti tafiti hizi si ya kupuuzwa. Utafiti mbovu unaweza kuchochea, kumpamba mgombea, au kutumikia anayeulipia. Tafiti nyingi za maoni Afrika zinalipiwa na wafadhili wa nje, na mwananchi ana haki ya kuuliza wanatafuta nini.

Tatizo ni dawa iliyochaguliwa. Septemba 2018, miezi michache baada ya sakata la Twaweza, Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 vifungu hivyo vikalegezwa.

Kenya ilichukua njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 2012 kuhusu utangazaji wa kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayetangaza aseme nani alilipa, wangapi walihojiwa, lini na kwa maswali gani, na inakataza kutangaza siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Haimwulizi mtafiti kama majibu yanafurahisha.

Upo pia mvutano ndani ya taaluma. Pippa Norris, aliyefundisha Harvard kwa miaka mingi, anasema imani ya juu isiwe lengo lenyewe. Mwananchi anayehoji ni mlinzi wa demokrasia. Anayemwamini kiongozi asiyeaminika ni windo. Wengine hujibu kwamba imani ikiporomoka mno, watu huacha kulipa kodi kwa hiari, hukataa chanjo, na hawakubali matokeo ya uchaguzi hata ukiwa safi.

Msomi anapoitwa Ikulu

Njia ya Mukandala inaonyesha mahali kazi hii inapoweza kumfikisha mtu. Baada ya REDET aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Makamu Mkuu wa Chuo, kuanzia 2006 hadi 2017. Kisha, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, akawa mwenyekiti wa Kikosi Kazi cha kukusanya maoni ya wadau kuhusu demokrasia ya vyama vingi.

Ilikuwa kazi ya kuponya mgawanyiko. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016. ACT-Wazalendo walishiriki. Chadema, chama kikuu cha upinzani Bara, walikataa. Oktoba 2022 Kikosi Kazi kilikabidhi ripoti yake, na Januari 3, 2023, Rais akaruhusu mikutano.

Yaliyosalia, yaani Katiba mpya na tume ya uchaguzi ambayo pande zote zingeikubali, hayakumalizika kwa namna iliyowaridhisha wapinzani. Oktoba 29, 2025, Watanzania walipiga kura wakati kiongozi wa Chadema, Tundu Lissu, yuko mahabusu kwa kesi ya uhaini. Rais Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Siku hiyohiyo maandamano yalizuka mijini, watu wakafa, intaneti ikazimwa na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam.

Nchi iliyosifiwa kwa robo karne kuwa na imani kubwa ilionyesha hasira ambayo wengi hawakuitarajia.

Kenya nako, Juni 25, 2024, vijana walioupinga Muswada wa Fedha waliingia hadi bungeni, wakitangaza kwamba hawana kabila wala kiongozi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Aliyezoea kuisoma Kenya kwa ramani ya makabila peke yake hakuwaona wakija.

KABLA HUJAIAMINI NAMBA

> Nani alilipia utafiti, na amesema hivyo waziwazi?
> Waliohojiwa walipatikanaje: kwa bahati nasibu, au kwa waliojitokeza?
> Swali liliulizwaje, kwa lugha gani?
> Mwaka huo, mtu aliweza kusema "sina imani" bila kuogopa?

Hukumu

Kwa kijana anayefikiria kazi hii, masomo si kikwazo kikubwa. Takwimu hufundishika, na data za Afrobarometer hufunguliwa bure kwa yeyote. Kigumu ni kuaminiwa na watu watatu kwa wakati mmoja: anayehojiwa, anayetawala na anayepinga. Akimpoteza wa kwanza, atakusanya majibu ya woga. Akimpoteza wa pili, atafungiwa. Akimpoteza wa tatu, ripoti zake zitasomwa na upande mmoja tu wa nchi.

Wa kumlinda kuliko wote ni yule wa kwanza. Asilimia 55 ya mwaka 2018 ilikuwa na manufaa kwa Serikali kuliko asilimia 96 ya miaka miwili kabla, kwa kuwa iliipa nafasi ya kujirekebisha. Iliipokea kama shambulio.

Bunge la Tanzania lina la kufanya, na si gumu. Vigezo vya kibali cha utafiti wa maoni viandikwe wazi, vihusu mbinu na usalama wa wahojiwa, na jibu litolewe ndani ya muda maalumu. Kibali kisidaiwe baada ya matokeo kutoka. Mtafiti naye alazimishwe kutangaza mlipaji, sampuli na maswali yote. Hayo yakifanyika, mwananchi ataweza kuikosoa Serikali mbele ya mgeni mwenye daftari, na Serikali itajua inasimama wapi kabla ya siku ya uchaguzi.